Nauli ya Usiku: Ruzuku za Afya ya Mama na Mtoto, kutoka Misheni hadi Tandale

Katika liturujia ya Kanisa la Kilutheri umo utaratibu mfupi ambao washarika wengi hawaujui mpaka siku wanapouhitaji, nao ni ubatizo wa dharura. Mtoto akizaliwa dhaifu na mchungaji akiwa mbali, Mkristo yeyote aliye karibu, awe mkunga, muuguzi au bibi wa mtoto, aweza kumbatiza kwa maji katika jina la Mungu Utatu. Mtoto akipona, ubatizo huo huthibitishwa baadaye mbele ya usharika. Utaratibu huo uliwekwa na watu waliofahamu kwamba saa ya kuzaliwa na saa ya kufa zaweza kuwa saa moja.

Vitabu vya jubilei husimulia mawe ya msingi, kengele, mapaa na picha za wachungaji waliotangulia, na ni haki vifanye hivyo. Sura hii yahusu jambo lisilopigwa picha mara nyingi: fedha zilizotolewa kwa vipindi mbalimbali ili ubatizo wa dharura usihitajike, na jinsi fedha hizo zilivyofika, au zilivyokwama njiani, katika Dar es Salaam na hasa katika kata ya Tandale. Neno linalotumika ni ruzuku. Limekuwa likitajwa katika mikutano ya misheni, ya halmashauri, ya vikundi vya akina mama na ya wafadhili, lakini maana yake haikuwa ileile kila lilipotajwa.

Mwanzo wenyewe

Itakumbukwa kwamba Mchungaji Johann Jakob Greiner alifika Dar es Salaam mwaka 1887, akitumwa na chama cha misheni kilichoundwa Berlin mwaka uliotangulia kwa ajili ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba miongoni mwa makusudi ya chama hicho lilikuwamo lile la kuwauguza Wajerumani waliougua katika koloni. Wauguzi wa kwanza waliofika pwani na Unguja chini ya mwamvuli huo walikuja kwanza kwa ajili ya watu wao. Mama wa Kizaramo aliyeshikwa na uchungu hakuwa katika bajeti.

Hospitali ya kwanza mjini iliyokusudiwa kuwahudumia wenyeji haikutokana na fedha za misheni. Ilitokana na mali ya Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Kiismailia mwenye asili ya India aliyetajirika kwa biashara ya misafara ya Bagamoyo. Hospitali iliyobeba jina lake ilifunguliwa Dar es Salaam katika miaka ya 1890, naye mwenyewe alifariki mwaka 1897. Ilihudumu kwa takriban miaka 60, mpaka ilipopokewa mwaka 1956 na Hospitali ya Princess Margaret, ambayo baada ya Uhuru ikawa Muhimbili. Watoto wa washarika wengi wa Dar es Salaam wamezaliwa Muhimbili. Ni vema ijulikane kwamba mkono wa kwanza uliofungua mlango huo ulikuwa wa mfanyabiashara Mwislamu.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini na kuruhusiwa kurudi tangu mwaka 1925. Katika utawala wa Waingereza ndipo ruzuku ya afya ya uzazi ilipopata sura ya kudumu. Serikali ya Tanganyika haikuwa na watumishi wala fedha za kutosha kuwafikia akina mama wa vijijini, hivyo iliziachia misheni sehemu kubwa ya kazi hiyo na kuzipatia msaada wa fedha. Mpango huo ulizaa matunda palipokuwa na hospitali ya misheni yenye daktari na wakunga waliofunzwa. Kwa upande wa Walutheri, hospitali hizo zilikua mbali na pwani: Machame, Bumbuli na Ilembula. Uzaramo, yaani Kisarawe, Maneromango na vijiji vilivyozunguka mji, ilipata shule na makanisa mapema, lakini kwa hospitali ilibaki nyuma. Ruzuku ilifuata jengo na mtumishi aliyekwisha kuwapo. Mahali pasipo na kitu palibaki hivyo hivyo.

Wakunga wa jadi ndio waliobeba kazi. Mtafiti na mwalimu wa misheni kutoka Finland, Marja-Liisa Swantz, aliyefika Tanganyika mwaka 1952 na baadaye akaishi miongoni mwa Wazaramo wa Bunju, aliandika kwa kirefu juu ya mila za kike, unyago na uzazi katika kitabu chake cha mwaka 1970. Kazi yake iliwafungua macho wengi waliodhani kwamba mama asiyefika kliniki ni mama asiye na mtu. Alikuwa na watu tele: shangazi, kungwi, mkunga na majirani. Walichokosa ni uwezo wa kuzuia damu isiyokoma, au kifafa cha mimba, au mtoto aliyekaa vibaya tumboni. Mambo hayo hayakuweza kutibiwa chumbani, ikabidi mama asafirishwe.

Tandale inapoingia katika habari hii

Tandale ya leo ni kata ya Wilaya ya Kinondoni, iliyoshonana na Manzese, Sinza, Magomeni na Mwananyamala. Wazee wa Kizaramo waliikuta ikiwa mashamba ya minazi, mikorosho na mihogo nje ya mji uliopimwa. Wakati Serikali kwa mkopo wa Benki ya Dunia ilipopima viwanja vya Sinza na kuboresha Manzese katika miaka ya 1970, Tandale iliendelea kujijenga yenyewe, chumba kwa chumba. Soko lake la nafaka likawa mashuhuri, na vyumba vya kupanga vikaongezeka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu zaidi ya watu 50,000 katika kata moja ndogo, ambayo mtu mwenye afya aweza kuivuka kwa miguu kabla chai haijapoa.

Eneo hilo lina kituo chake cha afya cha umma, na Hospitali ya Mwananyamala iko kilomita chache tu. Kwa hesabu ya ramani, mama wa Tandale hana haki ya kulalamika mbele ya mama wa Kilwa au Ngorongoro. Kwa miaka mingi hesabu hiyo ndiyo iliyowapotosha watoa ruzuku. Dar es Salaam ilionekana kuwa imekwisha kufikiwa. Fedha za uzazi salama zilielekezwa mikoa ya mbali, na haki ilikuwa upande huo pia. Hata hivyo, katika mji ambao akina mama wengi mno walijifungulia hospitali, vifo vya uzazi viliendelea, na vingi vilitokea ndani ya kuta za hospitali zenyewe.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika juu ya ucheleweshaji wa aina tatu unaomwua mama: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Wakunga wengi nchini wamefundishwa mambo hayo matatu. Mtu akiyapima kwa maisha ya Tandale ataona jinsi yanavyoshikana. Uamuzi huchelewa kwa sababu mume yuko kazini usiku, au mwenye simu hana salio, au mama mkwe asema uchungu wa kwanza huwa mrefu. Kufika huchelewa kwa sababu gari haliingii vichochoroni, mvua ikinyesha Mto Ng'ombe hujaa, na dereva wa teksi hutaja bei ya usiku kabla hajawasha gari. Kuhudumiwa huchelewa kwa sababu wodi imejaa. Kilomita hizo chache zinaweza kuchukua saa tatu.

Ramani ya mahali hapo haikuwapo kwa undani mpaka mwaka 2011, wakati wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi pamoja na wakazi wa mitaa kama Mtogole, Pakacha, Sokoni na Mkunduge walipozunguka na vifaa vya kupimia, wakaweka katika ramani ya wazi njia, mitaro, vyoo, visima na huduma. Kazi hiyo ilipewa fedha kidogo kuliko miradi mingi, na haikuwa mradi wa uzazi. Lakini ndiyo iliyoonyesha jambo ambalo kila mkunga wa Tandale alikuwa akilijua: nyumba nyingi hazina njia ya gari.

Tele kwa tele

Katika miaka ya baada ya Uhuru huduma za uzazi na mtoto zilikuwa bure na zilitegemea Serikali. Mwaka 1974 kliniki za mama na mtoto ziliunganishwa katika mpango mmoja, na kadi ya mtoto yenye mstari wa uzito ikaingia kila nyumba. Kabla ya hapo, mwaka 1959, kilikuwa kimeanzishwa Dar es Salaam chama cha uzazi wa mpango ambacho baadaye kilijulikana kama UMATI. Kipindi hicho hakistahili kudharauliwa. Kilikuwa na upungufu wa dawa na vifaa, lakini mama hakuulizwa fedha mlangoni.

Mwaka 1993 Serikali ilianza utaratibu wa wagonjwa kuchangia gharama. Wajawazito na watoto chini ya miaka mitano waliwekwa katika kundi la msamaha. Msamaha huo ulikuwa wa kweli katika waraka. Katika maisha ya kila siku, mama aliyeingia mwezi wa tisa alipewa orodha ya kununua: glavu, pamba, wembe, uzi wa kufungia kitovu, mpira wa kulalia, beseni na kanga. Hakuna aliyemtoza ada. Kila kilichokuwa katika orodha hiyo kilinunuliwa dukani kwa fedha taslimu, na aliyekuja bila vitu hivyo aliona haya hata kabla hajasema neno.

Ndipo ruzuku za jamii zikaingia kwa sura mpya. Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa Igunga mwaka 1996, na mwaka 2001 ukapewa sheria yake. Kiini chake kilikuwa utaratibu ambao wananchi waliuita tele kwa tele: kwa kila fedha iliyochangwa na wanachama, Serikali iliongeza kiasi kilekile. Jina hilo lilikuwa zuri, na fikra yenyewe ilikuwa njema, kwa kuwa ilimfanya mwanakijiji kuwa mchangiaji wala si mwombaji. Mijini mfuko huo ulikuja kwa jina la TIKA, yaani Tiba kwa Kadi. Udhaifu ulikuwa ndani ya hesabu yenyewe. Halmashauri yenye wanachama wengi ilipata nyongeza kubwa, na yenye wanachama wachache ikapata kidogo. Kaya ya Tandale inayopata riziki kwa siku, leo ikiwa nayo na kesho ikiikosa, si rahisi ilipe ada ya mwaka kwa mkupuo. Tele ilikwenda kwa wenye tele.

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulioanza mwaka 2000, ulifuata njia tofauti. Jamii ilichagua mradi wake, ikaunda kamati, ikachangia sehemu ya gharama kwa fedha au kwa nguvu kazi, na ruzuku ikalipa kilichobaki. Zahanati nyingi za vijijini na nyumba za watumishi zimejengwa hivyo, na katika vijiji vya Pwani matofali yalifyatuliwa na waumini wa dini zote kwa zamu. Mjini mambo yalikuwa magumu zaidi. Kijijini mtu huchangia mchanga na kokoto kutoka shamba lake; Tandale kokoto hununuliwa, na kiwanja cha kujengea hakipatikani bila kubomoa nyumba ya mtu. Baadaye, kuanzia mwaka 2012, TASAF iligeukia kuzinusuru kaya maskini kwa fedha taslimu, na moja ya masharti likawa kwamba watoto wadogo wapelekwe kliniki. Sharti hilo limewasumbua baadhi ya akina mama, lakini limewapa wengine sababu ya kumwomba mwajiri ruhusa ya nusu siku.

Iko pia hati punguzo, ambayo wasomaji wenye watoto waliozaliwa kati ya mwaka 2004 na 2014 wataikumbuka. Mjamzito aliyehudhuria kliniki alipewa karatasi ya kupunguziwa bei ya chandarua, akaenda nayo kwa muuza duka aliyeandikishwa, akaongeza kiasi kidogo cha fedha na kupata chandarua chenye dawa. Fedha zilitoka kwa Mfuko wa Dunia, na baadaye Marekani ikagharimia hati za watoto wachanga. Mpango huo ulisifiwa duniani kwa kuwa ulitumia maduka ya kawaida badala ya maghala ya Serikali. Wenye maduka waliupenda. Mama aliyekosa hata fedha ya kuongezea aliiweka hati yake ndani ya kadi ya kliniki, ikakaa humo mpaka muda wake ukaisha.

Yaliyopona na yasiyopona

Takwimu za taifa zaonyesha kwamba juhudi hizo hazikuwa bure. Utafiti wa afya wa mwaka 2004 na 2005 ulikuta kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 112 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2010 walikuwa 81, mwaka 2015 na 2016 wakawa 67, na mwaka 2022 wakawa 43. Kila tarakimu iliyoondoka hapo ni mtoto aliyekwenda shule. Chandarua, chanjo, dawa ya malaria kwa wajawazito na huduma ya kuzuia mama asimwambukize mtoto virusi vya UKIMWI, iliyoanza kwa majaribio mwaka 2000 katika hospitali tano ikiwamo Muhimbili, vyote vimo ndani ya hesabu hiyo.

Lakini tafiti hizohizo zina safu nyingine isiyosomwa sana kwenye majukwaa. Watoto waliofariki ndani ya mwezi wao wa kwanza walikuwa 32 kati ya 1,000, kisha 26, kisha 25, kisha 24. Mstari huo karibu umesimama. Vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi navyo havikushuka kwa utulivu: 578 kwa kila vizazi hai 100,000, kisha 454, kisha 556, na ndipo mwaka 2022 vikahesabiwa kuwa 104. Wataalamu huonya kwamba hesabu za vifo vya uzazi zinazotokana na mahojiano ya kaya zina upana mkubwa wa makosa, hivyo kupanda na kushuka huko kusomwe kwa uangalifu. Onyo hilo lafaa pia kwa wale wanaoshangilia tarakimu ya mwisho.

Kwa nini mtoto wa miaka miwili alipona kwa urahisi zaidi kuliko mtoto wa siku mbili? Jibu limo katika aina ya ruzuku. Chandarua huhesabiwa, kadi huhesabiwa, jengo hupigwa picha likikatwa utepe. Vitu hivyo humlinda mtoto polepole, kwa miezi na miaka. Mama anayetokwa damu na mtoto asiyelia huhitaji vitu visivyokaa ghalani: mkunga aliye macho saa nane usiku, damu ya kundi lake, hewa ya oksijeni, taa isiyozimika, na gari. Ni vigumu kuvitolea ripoti ya robo mwaka.

Palikuwapo majaribio ya kulipa kwa matokeo badala ya kulipa kwa vitu. Mwaka 2011, kwa fedha za Norway, vituo vya afya vya Mkoa wa Pwani, pamoja na vile vya Kisarawe ya misheni ya kale, vilianza kulipwa nyongeza vikitimiza malengo ya uzazi na watoto. Tathmini ilikuta kwamba akina mama waliojifungulia vituoni waliongezeka kwa takriban asilimia 8. Hilo ni jambo kubwa. Dar es Salaam haikuwamo katika jaribio hilo, na tatizo lake halikuwa kuwashawishi akina mama waende. Hospitali ya CCBRT ya Msasani, iliyoanzishwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu wenye ulemavu, ilijionea matokeo ya uzazi uliochelewa kwa akina mama wenye fistula, na tangu mwaka 2010 ilianza kusaidia wodi za uzazi za vituo vya umma vya jiji kwa mafunzo, vifaa na usimamizi, ili wodi hizo zipunguze msongamano na makosa. Mwaka 2009 ilikuwa imekwisha kuanza jambo dogo lenye akili: kumtumia nauli kwa M-Pesa mtu aliyejitolea kijijini ili amsafirishe mama mwenye fistula mpaka hospitalini. Upasuaji ulikuwa bure siku zote. Nauli ndiyo iliyokuwa imewazuia, wengine kwa miaka.

Mwaka wa fedha 2017/18 Serikali ilianza kupeleka fedha za mfuko wa pamoja wa afya moja kwa moja katika akaunti za vituo, ambako kamati yenye wawakilishi wa wananchi hushiriki kupanga matumizi. Ni badiliko lililopita kimya. Kwa mara ya kwanza glavu zikiisha kituoni, walio karibu na wodi wana kauli juu ya fedha ya kununua nyingine. Wananchi wengi hawajui kwamba kamati hiyo ipo, wala hawajui wawakilishi wao ni akina nani.

Mfuko wa jamii

Haitakuwa haki kuacha habari hii mikononi mwa Serikali na wafadhili peke yao. Wanawake wa Dar es Salaam wamekuwa na mifuko yao tangu zamani: upatu, vikundi vya kufa na kuzikana, na tangu miaka ya 2000, VICOBA. Kikundi cha VICOBA hukutana kila wiki, hununua hisa na kukopeshana, na pembeni ya hisa kila mwanachama hutoa kiasi kidogo kisichorudi, kiitwacho mfuko wa jamii. Hutumika kwa ugonjwa, msiba na uzazi. Hakuna mfadhili, hakuna andiko la mradi, hakuna tarehe ya kufunga. Katika mitaa kama Tandale, ambako Waislamu ni wengi na Wakristo huishi nao ukuta kwa ukuta, mama Fatuma na mama Neema huketi katika kikundi kimoja, na sanduku lao lina kufuli tatu zenye washika funguo watatu.

Jambo moja katika mifuko hiyo lastahili kusemwa wazi. Msiba una utaratibu: turubai hufungwa, daftari hufunguliwa, na ndani ya saa chache fedha zimepatikana. Harusi ina kamati, kadi na vikao vya miezi mitatu. Uzazi hauna kikao. Mila yataka mimba isitangazwe sana, isije ikapatwa na jicho baya, na heshima yataka mwanamke asiombe. Kwa hiyo mjamzito aliyekuwa mwanachama mwaminifu wa mfuko huweza kukaa nyumbani saa nne za usiku wa uchungu akisubiri mumewe apate mtu wa kumkopesha nauli, wakati fedha ya mfuko imo sandukuni nyumba ya tatu. Akifariki, sanduku hilohilo hufunguliwa asubuhi. Baadhi ya vikundi vimelitambua jambo hilo na kubadili kanuni, mwanachama akifikisha mwezi wa nane apewe fedha yake ya safari mkononi, bila kuomba, na akijifungua salama iwe ya sabuni na uji. Kanuni hiyo haikuandikwa na mtaalamu yeyote.

Tarehe 6 Aprili 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Dodoma mpango wa taifa wa m-mama, uliokuwa umejaribiwa kwanza katika mikoa ya Kanda ya Ziwa kwa msaada wa Vodafone. Mama au jirani yake hupiga 115 bila malipo. Mtumishi wa afya huuliza dalili na kutafuta gari la wagonjwa; likikosekana, humwita dereva wa kawaida aliyeandikishwa karibu na hapo. Dereva hamwulizi mama fedha. Akimfikisha, malipo huingia katika simu yake. Kwa miaka 100 na zaidi ruzuku zilikuwa zimelipa misheni, majengo, vitanda, kadi na vyandarua. Katika mpango huu fedha hulipia safari yenyewe, tena saa ileile inapohitajika.

Makubaliano yalikuwa kwamba Serikali ipokee gharama za uendeshaji kutoka kwa wafadhili. Umuhimu wa sharti hilo ulionekana upya Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huo shirika la USAID likafungwa. Miradi iliyokuwa ikiendeshwa kwa fedha hizo nchini ilipata barua za kusitisha kazi ndani ya siku chache.

Barabara kadhaa za ndani za Tandale sasa zina lami na taa, zilizowekwa na mradi wa kuendeleza jiji uliojulikana kama DMDP. Gari hufika karibu zaidi kuliko mwaka 2011. Kutoka barabarani mpaka mlangoni mama bado hutembea, ameshikwa huku na huku, na mtu wa tatu ametangulia na tochi ya simu na beseni kichwani.